Picha Iliyopimwa kwa Tone

Mwanamke anapokea kisanduku kisicho na jina la mtumaji. Ndani mna udongo. Hapigi kelele za furaha wala hamwiti mtu aje kuona. Anachota kidogo, anautia kwenye mashine, anasubiri, anasoma majibu: maji yamo tele, mionzi hakuna. Majibu hayo peke yake yangetosha kumtia wazimu, maana yeye na wenzake wamefundishwa kwamba huko nje hakuna tena kilicho hai. Lakini bado hajamaliza. Anausogeza udongo puani, anaunusa. Kipimo kwanza, pua baadaye. Aliyeutunga mfuatano huo alikwisha kumtazama mtu akifanya kazi.

Filamu inaitwa Pumzi. Iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1980. Ilikamilika 2009, na Januari 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance huko Marekani. Urefu wake ni dakika 21. Wanaosoma masuala ya filamu vyuoni wanaitaja mara kwa mara, ila ukiiulizia kwa kijana anayeingiza muvi kwenye flashi, iwe Ifakara au Malinyi, huku Bonde la Kilombero, atakuonyesha za Kikorea, za Kihindi na za mapigano zilizotafsiriwa, kisha atakuuliza hiyo ya kwako steringi ni nani.

Steringi ni Asha, mwanasayansi na mtunzaji wa makumbusho. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya kugombea maji. Watu wa Afrika Mashariki waliobaki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa pande zote, liitwalo Maitu. Kazi ya Asha ni kutunza mabaki ya viumbe waliokwisha: mizizi mikavu, vipande vya magazeti ya zamani, na mbegu moja ndani ya chupa yenye kibandiko cha Kikuyu. Akisinzia mezani anaota mti wa kijani, na mashine inamwamsha kumweleza kwamba ndoto imegunduliwa, ameze vidonge vyake. Anameza. Siku kile kisanduku kinapofika, anaitia mbegu kwenye udongo ule, inachipua, na kuanzia hapo Asha hana lingine.

Sinema ina mazoea yake kuhusu mwanasayansi aliyepagawa na kazi. Rotwang wa Metropolis, filamu ya Ujerumani ya mwaka 1927, ana mkono wa bandia na nyumba ya kutisha. Frankenstein wa mwaka 1931 anapiga ukelele radi zikipasua anga, kiumbe chake kikianza kuchezesha mkono. Tangu wakati huo mtengenezaji mwenye fedha kidogo akitaka kutuonyesha mwanasayansi, humpa nywele zilizosimama, chupa zinazofuka moshi na kicheko kibaya. Ni njia rahisi, na haigharimu sana. Inatuambia kwamba mtu huyu ana jambo lake kichwani, lakini haituonyeshi jambo lenyewe linavyomshughulisha saa baada ya saa.

Bonde la Kilombero halikuhitaji sinema ili limjue mwanasayansi. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ya utafiti Ifakara, hiyo ambayo baada ya kubadilika mara kadhaa ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Geigy alikuwa mtu wa papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kueneza homa inayokwenda na kurudi. Kumwona mtu mzima, tena profesa, akichokonoa sakafu ya nyumba ya mwenzake akitafuta papasi, akimpata anafurahi: sidhani kama Frankenstein ana tukio la ajabu kuliko hilo. Baadaye wakaja watu wa mbu, na hao wapo mpaka leo.

Kazi yao ya usiku nadhani ni moja ya kazi ngumu kuliko zote zinazofanywa kwa kukaa kitini. Mtu anaketi, suruali ameikunja hadi magotini, tochi mkono mmoja, mrija mkono wa pili. Mbu akitua mguuni, kabla hajauma, anavutwa ndani ya mrija kwa mdomo, kisha anapulizwa taratibu kwenye kikombe cha karatasi kilichofungwa neti juu na kuandikwa saa. Saa ikipita, kikombe kingine. Hivyo tangu saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, na vipindi vifupi vya mapumziko katikati. Asubuhi wanahesabiwa, wanatenganishwa kwa aina, wanapimwa kama wamebeba vimelea. Kwa hesabu za namna hiyo ndipo ilipojulikana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba mtu wa kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, angeweza kuumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka mmoja. Nyuma ya namba hiyo kuna miguu mingi iliyokaa wazi gizani.

Ndiyo maana nasema Pumzi ni picha inayoeleweka vizuri zaidi huku kuliko mijini. Asha ni wa ukoo wa hao wa mrija na kikombe. Wazimu wake hauonekani usoni. Unaonekana kwenye namna anavyofunga kifuniko.

Angalia anavyoshughulika na maji. Humo ndani kila mmoja ana mgawo wake wa siku, na hakuna kinachomwagwa. Asha akitoka jasho analifuta na kulirudisha kwenye chupa. Akienda haja ndogo, mkojo unapita kwenye chujio na kurudi kuwa maji ya kunywa, naye anayanywa. Mtengenezaji mwingine angelifanya tukio hilo kuwa la kuchefua. Angesogeza kamera karibu, angemfanya Asha akunje uso ili sisi nasi tukunje. Kahiu anakataa. Kudzani Moswela, anayemwigiza Asha, anayafanya hayo bila kuyafikiria, vile mtu anavyosuuza kikombe, na kutokufikiri huko ndiko kunakotueleza kwamba amezaliwa humo na hajawahi kuishi vinginevyo. Hakuna msimuliaji aliyetuambia. Tumeambiwa na mkono.

Ukishaliona hilo, unayapokea kwa uzito unaostahili matone machache anayomgawia mwanamke anayesafisha maliwato. Ni tukio fupi. Hakuna muziki wa kutulazimisha kuguswa. Lakini kwa kuwa tumekwisha kuona kila tone linavyookotwa, tunajua thamani ya kilichotoka chupa moja kwenda nyingine. Na mche unapopewa maji tunashika roho, kwa sababu tunajua yametoka mwilini mwa nani.

Jambo la pili ni sauti. Watu wa humo hawafungui midomo kuzungumza. Maneno yanapitia kwenye mashine, midomo imefumbwa. Baraza linalotawala humo linapomkatalia Asha ruhusa ya kutoka nje, nyuso zinatazamana na sauti zinasikika, ila hakuna ulimi uliotikisika. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hili linatugusa kwa namna yake. Tumezoea picha yenye msimuliaji juu yake: Lufufu aliyewafanya Wachina waseme Kiswahili cha Manzese, au DJ Afro wa Kenya anayekufanya ucheke hata mtu akipigwa risasi. Ladha ya muvi kwetu ni nusu picha, nusu mdomo wa mtafsiri. Nimejaribu kuwaza Lufufu angefanya nini na Pumzi. Angeanza kwa kishindo, bila shaka, ampe Asha jina la mtaani, awatungie wale wakubwa wa Baraza matusi yao. Lakini kufika pale Asha anapokaa na udongo, nadhani angenyamaza mwenyewe. Hakuna pa kupenyeza neno. Kila kinachotakiwa kusemwa kinafanyika mbele ya macho, na mwenye kusimulia angekuwa anaturudishia tunachokiona.

Niliiangalia Malinyi kwenye kompyuta, pamoja na watu wa nyumba niliyofikia. Hakuna aliyeuliza wanasema nini.

Kuhusu fedha. Sehemu ya gharama ilitoka kwenye mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features ya Marekani, uliokuwa ukiwapa watengenezaji watano wa Kiafrika dola 10,000 kila mmoja kwa filamu fupi; Taasisi ya Goethe na mfuko wa sanaa wa Changamoto nao walichangia. Kwa mtu anayetaka kuonyesha mji wa siku zijazo, jangwa lisilo na mwisho na mti unaoota mwilini mwa binadamu, hizo ni fedha za mboga. Filamu kubwa za aina hii hutumia zaidi ya hapo kwa chakula cha mafundi. Kahiu akarudi shule. Alizichunguza filamu za zamani, za miaka ya 1950, kabla kompyuta haijaanza kutengeneza miji, akaona walivyokuwa wakifanya: mandhari yanachorwa kwa mkono na kuunganishwa na picha ya mwigizaji, au picha iliyokwisha kupigwa inatupwa kwenye pazia nyuma yake. Ni mbinu za kizamani na ukikazia macho unaona maungio. Lakini jengo la Maitu linatakiwa lionekane limefungwa, halina hewa, na kile kinachoonekana dirishani kiwe kama hakifikiki. Pazia linaleta hilo bure. Upungufu wa mbinu umekaa mahali ambapo hadithi ilikuwa inauhitaji.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wengi wakikosa fedha wanapunguza ukubwa wa kila kitu kwa kiwango kilekile: mlipuko mdogo, jini dogo, gari bovu likilifukuza gari bovu. Kahiu alichagua vya kukosa. Hatuoni vita vya maji. Tunaona vipande vya magazeti. Hatuoni umati wa watu. Tunaona wachache juu ya mashine za mazoezi, wakikimbia na kuvuta ili umeme wa jengo uzalishwe, na akili yetu inahesabu wengine waliobaki. Hatuoni Baraza likikutana, tunaona nyuso. Mtengenezaji anatoa picha kwa mgawo, kama watu wake wanavyopewa maji, na kwa kuwa anatoa kidogo, kila anachotoa tunakipokea kwa mikono miwili.

Si kwamba haina kasoro. Vidonge vya kuzuia hisia, sauti baridi ya mashine, walinzi wasio na sura: yote hayo tuliyaona kwenye THX 1138 ya George Lucas, mwaka 1971, na Lucas mwenyewe alikuwa ameyaazima kwa wengine. Baraza ni jembamba mno. Linakataa kwa sababu hadithi inataka likatae, hatujui linaogopa nini hasa. Nisingeomba dakika nyingi zaidi. Moja tu, ya kumwonyesha mjumbe mmoja akiwa na shaka. Halafu jangwa lenyewe lilipigwa picha Afrika Kusini, na jicho lililozoea ardhi ya Afrika Mashariki linasita kidogo kabla ya kukubali kwamba hapa palikuwa kwetu.

Mkulima wa Malinyi angekuwa na malalamiko yake pia, tena mazito kuliko yangu. Kwanza, mbegu haichipui kwa muda wa kupepesa jicho. Hata Saro, mpunga uliotoka kwenye utafiti na kushika mashamba ya bonde hili, hulowekwa kwanza, ukavundikwa, ukasubiriwa. Kahiu ameruka hayo yote kwa makusudi, kwa kuwa mbegu yake ni ya ndoto kabla ya kuwa ya kilimo. Lakini Asha anapotoroka na mche na kwenda kuupandikiza mchangani, jua likiwa utosini, mtu yeyote aliyewahi kung'oa miche kitaluni atapiga kelele. Miche hupandikizwa jioni, au shamba likiwa na maji yake. Mama mmoja tuliyekuwa tukiangalia naye alilisema hilo kwa sauti, kisha akakaa kimya akimtazama Asha anavyofanya: anaumwagia maji yake yote yaliyobaki, anakamua jasho kutoka kwenye kitambaa, anajilaza kuukinga mche na jua kwa mwili wake. Mama akasema, basi hapo sawa. Kivuli kimepatikana.

Sijasoma uhakiki wa Pumzi unaofika hapo. Wahakiki hukimbilia maana: mama na ardhi, mwanamke na uzazi, sadaka. Maana hizo zimo. Lakini kabla ya kuwa sadaka, tendo lile ni jibu la fundi kwa tatizo la kifundi. Mche unahitaji maji, udongo na kivuli. Udongo upo. Maji anayo kidogo. Kivuli hakuna, isipokuwa mtu mwenyewe. Asha anapima, anakuta kinachopungua ni yeye, anajiweka. Ni mwanasayansi mpaka dakika ya mwisho, na kwa kuwa picha imetuzoesha kumwona akipima tangu mwanzo, haituombi tumwonee huruma.

Kwa watazamaji wa kibanda umiza hilo ni kosa la jinai, maana steringi hafi. Hata akipigwa risasi kumi anafungwa kitambaa begani na kuendelea. Hapa steringi anajilaza chini, kamera inapanda juu, na mti unaota pale alipo. Kamera inazidi kurudi nyuma, na msitu unaonekana, pamoja na jina la filamu. Nimewahi kuona watu wakilalamikia mwisho huo kwamba ni wa haraka. Mimi naona hauhitaji zaidi.

Ni ajabu kidogo kuiangalia picha ya ukame hapa. Malinyi ni nchi ya maji. Masika mto Furua na wenzake wakijaa, mbuga inageuka ziwa, na wanaolinda mpunga wanabaki juu ya madungu yao. Bonde hili limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu mwaka 2002, na maji yake ni zaidi ya nusu ya yanayoingia Mto Rufiji, kwa hiyo ni sehemu kubwa ya yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Sheshe wengi kuliko popote duniani waliwahi kuishi kwenye nyasi zake. Hata hivyo maji ya chupa yanauzwa hapahapa, dukani, kwa bei inayojulikana na kila mtoto. Kahiu ameeleza kwamba wazo la filamu lilianza hapo, kwenye kununua maji: kama haya tumekubali kuyalipia, siku moja tutalipia hewa. Na mtu wa bonde anayekumbuka mito midogo iliyokuwa haikauki kiangazi haoni kwamba hadithi hii ni ya mbali sana.

Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alitengeneza pia For Our Land, filamu ya maisha ya Wangari Maathai. Wengi tunamkumbuka Maathai kwa miti ya harakati ya Green Belt, aliyoianzisha mwaka 1977, na kwa Nobeli ya mwaka 2004. Tunasahau kwamba kabla ya hayo alikuwa mtu wa maabara, mwenye udaktari wa anatomia ya mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1971. Alijua kukata tishu nyembamba na kuitazama kwenye hadubini. Siwezi kuthibitisha kwamba Asha ametokana naye, ila mtu aliyekuwa anahariri maisha ya mmoja na kupiga picha ya mwingine katika kipindi kimoja, mikono ya hao wawili lazima ilichanganyikana mezani mwake.

Limebaki swali ambalo filamu hailijibu, nalo ndilo tulilobishania baada ya kompyuta kufungwa: nani alituma udongo? Wapo waliosema ni mtu wa nje, aliyetoka zamani akakuta ardhi inapona. Kijana mmoja alishikilia kwamba ni Baraza lenyewe, likimtega Asha lijue kama bado anaota. Mimi namshuku yule msafishaji wa maliwato. Ushahidi wangu ni mdogo: ndiye anayeshika taka za kila mtu, hakuna mkubwa anayemtazama usoni, na Asha alipohitaji njia ya kutoka, ni huyo aliyekuwa anaijua.

Yule kijana akasema kama ni hivyo, kwa nini hakwenda kupanda yeye mwenyewe. Mama akamjibu kabla sijafungua mdomo kwamba udongo alikuwa nao, mbegu hakuwa nayo.